Kahawa Aliyotafunishwa Adventina

Mimi sijui kusoma wala kuandika. Mwalimu Zuhura kaniwekea simu yake hapa mezani, kaniambia, "Wewe zungumza tu, Ma Justa, mie nitaandika." Basi nazungumza na nyinyi walimu vijana, na wewe mama utakayekuja kushika nafasi yangu. Nina hasira, Mwalimu. Ukiandika usiipoze.

Juzi sokoni Muleba mtu mzima kabisa kanisimamisha, kashika mkungu wake wa ndizi, ananiuliza, "Eti umestaafu? Umestaafu nini sasa? Si ulikuwa unacheza na watoto?" Nikamwangalia. Huyu ana kesi ya mpaka na ndugu yake wa tumbo moja, hawasalimiani hata msibani. Nikamwambia, "Ndiyo, nilikuwa nacheza. Wewe hukuchezeshwa utotoni, ndiyo maana uko hivyo." Akaondoka na mkungu wake.

Kazi yangu niliianzia kwenye nyumba za watu, Rwamishenye, kule Bukoba mjini. Nilikuwa nafua na kupika. Ukiwa unafua uani watu wanakusahau, wanaongea mbele yako kama uko Uganda. Huko ndiko nilikookota sauti. Kuna baba mmoja, akipigiwa simu na mkubwa wake sauti inakuwa nyembamba, "Ndiyo mkuu, hapana mkuu, nilikuwa naelekea huko huko mkuu." Akikata simu akanigeukia mimi, sauti inanenepa: "Wewe! Hii chai gani?" Mtu yule yule, koo lile lile. Mimi nikirudi chumbani kwangu nawaigizia wenzangu sauti zote mbili, ya mnyenyekevu na ya mnene, tunacheka mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta.

Mume wangu alipofariki nikarudi Muleba kwenye kibanja chetu, migomba isije ikaliwa na majani. Nikapata kazi ya kupika uji katika shule ya msingi, nje kidogo ya mji. Mwalimu Zuhura alikuwa mgeni pale, binti wa Bukoba mjini, wazee wake wa zamani watu wa pwani. Alikuwa anafundisha darasa la sita, na alikuwa na mchezo wake. Anachora sakafuni kwa chaki nchi za uongo, mto unapita kati unaingia ziwani, kila kundi la watoto ni nchi. Halafu kunatokea shida. Maji yanapungua, au ugonjwa unakuja, au watu wa nchi moja wanakimbilia nyingine. Watoto wakae waongee mpaka waipatie dawa bila kupigana.

Siku ya kwanza ilimshinda. Alikuja jikoni kwangu amenuna. Alinikuta namwigizia muuza kuni jinsi Mwalimu Mkuu anavyotangaza kwamba sukari ya uji imekwisha: "Kimsingi, sukari ipo. Isipokuwa kwa sasa haionekani." Zuhura akacheka hadi akakalia gunia la unga. Halafu akaacha kucheka.

"Ma Justa, watoto wangu wana adabu mno. Nimewapa vita, wameombana radhi hata uji wako haujachemka. Njoo unigombanishie watoto."

Mtu kasomea ualimu miaka yote ile, halafu anamwomba mpishi akamgombanishie watoto. Nikavua aproni nikaenda.

Kazi hiyo watoto waliipa jina: Mvuruga. Nchi wakazipa majina ya ndizi, kwa sababu Zuhura alikataa majina ya nchi za kweli. Huku kwetu tumeshaona vita na tumeshapokea wakimbizi, na mtoto huwezi kujua bibi yake alitokea wapi. Kwa hiyo tulikuwa na Nshakara juu mlimani kwenye chanzo cha maji, Nyoya chini bondeni, Gonja kando ya ziwa, na Mbile. Mbile ni ndizi ya pombe. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kulalamika, "Mwalimu, watoto wa Kilutheri wanawezaje kuwa raia wa pombe?" Lakini kila mtoto alitaka uraia wa huko.

Vifaa vyetu vilikuwa beseni la maji ya kweli juu ya dawati, kikombe kwa kila nchi, na mwiko wangu wa uji. Maji yakipita juu, Nshakara wanachota, yanayobaki yanashuka. Wakianza kuelewana tu, naingia mimi. Naweza kuwa jenerali: "Maji ni usalama wa taifa! Nani kakuruhusu kunywa?" Naweza kuwa tajiri, natabasamu, "Nimewaletea maendeleo, wananchi," huku mwiko wangu unazama kwenye beseni lao. Naweza kuwa mtu wa serikalini, na huyo ndiye aliyewatesa kuliko jenerali: "Ombi lenu limepokelewa. Tutaunda kamati." Jenerali walimzomea. Wa kamati walimshukuru, wakakaa wakangoja, beseni likakauka. Siku hiyo walijifunza.

Wewe unayekuja, shika hili. Mvuruga usimwigize mjinga. Mwigize mtu mwenye sababu, anayempenda mama yake, anayeamini anachosema. Na usishindwe kwa makusudi ili mtoto afurahi. Mtoto anajua, na akijua umemhurumia mchezo umekufa.

Iko siku nilijifunika kanga kuukuu, nikabeba mtoto wa matambara, nikagonga mlango wa darasa. "Hodi waitu, ndugu zangu, kwetu kunaungua." Mtoto mmoja wa Gonja, ndiye rais wao, akasimama akanitazama juu mpaka chini. "Una kitambulisho?" Nikasema kimeungua na nyumba. "Una barua ya mwenyekiti wa mtaa?" Nikasema mwenyekiti naye kaungua. Akafikiri, halafu akasema, "Rudi Jumatatu." Mimi ndani ya kanga nilicheka, halafu nilikasirika. Lile neno hakulizaa yeye. Alisimama na mama yake dirishani mahali fulani akaambiwa hivyo hivyo, akaliokota kama mimi nilivyookota yangu Rwamishenye. Walibishana wiki nzima kuhusu yule mama mwenye matambara. Mwisho walimpa chumba Mbile.

Sasa kahawa. Huku kwetu mgeni akiingia ndani hakai hivi hivi, anapewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa, kwenye kikapu kidogo. Ukiikataa umemwambia mwenye nyumba kwamba unamshuku. Watoto wenyewe ndio walioileta kwenye mchezo. Walisema makubaliano ya kuandika yanachanwa, lakini huwezi kukitema kitu ulichokimeza. Wakaweka sheria: wakishakubaliana kweli kweli, kila rais anataja mbele ya wenzake nchi yake itakosa nini kesho asubuhi, halafu kikapu kinapita, wanatafuna. Kabla ya hapo hakuna kutafuna. Mtoto mmoja wa Mbile aliwahi kuiba punje moja kwa ulafi tu, wakamwambia umeshakubali kila kitu, kaa chini. Alilia.

Adventina alikuwa rais wa Nyoya. Hakuchaguliwa na mtu, ilikuwa kura ya vijiti. Lakini kwao kweli ni bondeni. Chemchemi iko juu, na watu wa juu waliizungushia uzio, wakaweka na mlango. Mama yake, Ma Eliza, alikuwa anazunguka kilima kizima na ndoo kichwani kufuata maji mtoni. Kwa hiyo Adventina akikaa pale kwenye kiti cha Nyoya hakuwa anaigiza sana. Binti mwembamba, sauti ndogo, lakini alikuwa na "hapana" moja! Anaitoa taratibu, anaiweka mezani, haiondoki. Nimemjia kwa sauti zangu zote. Jenerali, hapana. Tajiri, hapana. Nikamjia kama mama mkwe, nikamlilia, "Mwanangu, kwa ajili ya familia..." Akaniambia, "Mama mkwe, pole. Hapana. Kikombe chetu kijae nusu ndipo tuongee." Nimefanya kazi hii na watoto wengi. Hapana kama ile sijaiona tena.

Halafu wakaja wageni. Wamesikia huko Bukoba kwamba kuna shule inafundisha amani kwa michezo, wakaja na gari mbili na mtu wa kupiga picha. Mwalimu Mkuu alikuwa na suti ambayo hatukujua kama anayo. Akaingia darasani, watoto wako katikati ya ugomvi wa maji na mimi jenerali wao, kofia kichwani, moto moto, akasema, "Kimsingi, wageni wana haraka. Anzieni kwenye amani."

Anzieni kwenye amani! Nimeshalirudia neno hili kwenye misiba na harusi, watu wanacheka. Siku ile sikucheka.

Zuhura akasema, "Mwalimu Mkuu, bado hawajafika huko."

"Watafika mbele ya kamera," akasema.

Halafu akafanya kosa ambalo asingelifanya kama angelelewa kwingine. Alikiona kile kikapu cha kahawa mezani. Mtu wa kwetu akiona kikapu cha kahawa na mgeni chumba kimoja, mikono inakwenda yenyewe. Akakichukua, akawapitishia wageni kwa heshima zote. Wakatafuna. Halafu kwa furaha akakipeleka kwa watoto, kwamba na nyinyi karibuni. Rais wa Nshakara akawatazama wenzake, akachukua. Gonja akachukua. Kamera inapiga. Kikafika kwa Adventina. Akaweka mikono nyuma.

"Chukua, binti," mgeni mkubwa akasema.

"Siwezi kutafuna. Hatujasema maji."

"Maji utakunywa baadaye," akasema yule mgeni. Wenzake wakacheka. Adventina hakucheka.

"Siwezi, shikamoo." Alichanganyikiwa maskini, akamwamkia mara ya pili. Lakini mikono ilibaki nyuma.

Mgeni mkubwa akamgeukia Mwalimu Mkuu na sauti ile ya watu wenye mafaili: "Mwalimu, hili suala zima la nidhamu inabidi mliangalie." Mwalimu Mkuu akawa mdogo ndani ya suti. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Mtoto wa shule yake amekataa kahawa mbele ya wageni, na yeye ni Mhaya, ameona aibu mpaka kwenye kisogo. Huruma ile haikumaliza hata siku moja.

Jumatatu mstarini akamwita mbele. Shule nzima imesimama, mimi niko mlango wa jikoni na mwiko wangu. Akasema Adventina ameaibisha shule, ameaibisha na mila. Ataomba radhi, kisha atatafuna kahawa mbele ya wote ili iwe mwisho. Zuhura akasogea, "Mwalimu Mkuu, nakuomba, kwa watoto hawa kutafuna ni..." Akamkata: "Kimsingi, Mwalimu, wewe mila hii si ya kwenu." Binti aliyezaliwa Bukoba, mama yake kazaliwa Bukoba! Zuhura akarudi kwenye mstari wa walimu.

Adventina akasema, "Nisameheni kwa kukataa." Sauti haikufika hata safu ya pili. Akapewa punje. Akaiweka mdomoni. Wale wa darasa la sita walikuwa wanamtazama taya. Akatafuna, akameza.

Mila gani? Mila ni kahawa ya mgeni anayekaribishwa. Aliyeshikwa shingo si mgeni. Pale kizingitini pa jikoni nilichemka kuliko sufuria. Mtoto aliiheshimu ile punje kuliko watu wazima wote waliokuwa pale, ndiyo maana hakuila ovyo. Wakamfanya aitafune kama dawa ya minyoo.

Alhamisi yake tukacheza. Niliingia kama jenerali, kofia kichwani, mwiko begani. "Kuanzia leo maji yote ni yangu!" Nikangoja wanirukie.

Rais wa Nshakara akasema, "Tunakubali."

Nikadhani wananitega. "Na ziwa ni langu!"

"Tunakubali," Gonja wakasema.

"Na ndoo za mama zenu, zote, leteni hapa!"

Wakatazamana. "Tunakubali, waitu." Na Adventina naye, kichwa chini, "Tunakubali." Akanyoosha mkono kwenye kikapu bila hata kuambiwa.

Nikavua kofia. Nikaangalia lile beseni limejaa, hakuna aliyeligusa. Zuhura akawatoa nje wakacheze mpira, akafuta chaki sakafuni kwa kitambaa. Akasema mchezo umekwisha, hatauchezesha tena, amewafundisha watoto kuwa kondoo. Nikamwambia si wewe uliyewafundisha.

Nikashuka bondeni kwa Ma Eliza. Nilimkuta anamenya ndizi. Hakuniambia karibu. Akasema, "Mmemfanya nini mwanangu? Siku hizi ndugu zake wanamnyang'anya nyama kwenye sahani, anasema sawa. Juzi watu wa juu walimwambia apite mbali na uzio wao, akasema asante. Asante, Ma Justa! Zamani huyu nilikuwa nagombana naye kutwa, nasali apungue. Sasa namtaka yule yule." Adventina alikuwa uani anafua. Hakuinua macho.

Nilipanda kile kilima bila kupumzika na umri wangu huu. Nikamwambia Mwalimu Mkuu, "Rudisha hapana ya yule mtoto. Uliichukulia mstarini, irudishie mstarini."

Akasema, "Ma Justa, kimsingi mwalimu haombi radhi kwa mwanafunzi. Shule itaendeshwaje?"

"Itaendeshwa na mtu aliyekosea akasema nimekosea."

"Nenda ukapike uji, mama yangu."

Nikaenda nikapika uji. Muhula ukapita. Kila nikimwona anasema neno amani kwenye mkutano wa wazazi, uji ulikuwa unaniungulia.

Halafu wale wageni wakarudi. Safari hii walitaka kumwona Mvuruga. Yule mtu wa picha siku ile alikuwa ameninasa nikiwa jenerali, watu wamecheka huko Bukoba, sasa wanataka kupiga nyingine. Mwalimu Mkuu akaja jikoni, na suti. Moshi unamwingia machoni.

"Ma Justa, waitu, wageni wako kwenye gari. Vaa ile kofia."

"Sivai."

"Mama yangu, usinifanyie hivi. Wametoka mbali."

Nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, "Kimsingi, Mvuruga yupo. Isipokuwa kwa sasa haonekani." Muuza kuni aliyekuwa anapanga kuni zake akatoka nje mbio, akaenda kucheka nyuma ya choo. Mwalimu Mkuu hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alikaa kwenye gunia.

"Unataka nini?"

"Unajua."

Akafuta macho, sijui moshi, sijui nini. Halafu akaenda kupiga kengele ya mstarini.

Watoto wakajipanga. Wageni wanatazama kutoka kwenye madirisha ya gari, wanadhani ndiyo sherehe inaanza. Nikasimama nyuma ya darasa la sita, bila kofia. Mwalimu Mkuu akakohoa. "Kimsingi, kuna jambo lilitokea muhula uliopita. Kama kuna mtu aliumia kwa namna yoyote, basi tusameheane, tusonge mbele." Akapiga makofi. Watoto nao wakaanza kupiga, wamezoea. Mimi nikasema moyoni, yale yale, anaanzia kwenye amani.

Makofi yakafifia. Nikaona mkono umeinuka mbele yangu. Mwembamba.

"Ndiyo, Adventina," Mwalimu Mkuu akasema.

"Jambo lipi, Mwalimu?"

Nilisikia mlango wa gari unafunguliwa.

"Lile... la kahawa."

"Kosa lilikuwa la nani?"

Walimu vijana, mimi nimeigiza sauti za watu wakubwa wengi, lakini ile Mwalimu Mkuu aliyoitoa pale siiwezi, nimejaribu. Haikuwa nene wala nyembamba. Akasema, "Lilikuwa langu. Nilikutafunisha makubaliano ambayo hukuyakubali. Nilikosea, Adventina." Lile "kimsingi" lake halikuwepo.

Adventina akashusha mkono. Akafikiri, kama alivyokuwa akifikiri kwenye kiti cha Nyoya, bila haraka ya mtu yeyote. Halafu akauinua tena.

"Sawa, Mwalimu. Na maji je? Mama bado anazunguka kilima."

Mwalimu Mkuu akageuka akatazama magari. "Wageni wanasubiri," akasema.

"Wasubiri," nikamwambia.